Dawati la konsieji Mji Mkongwe: namna ya kuendesha zamu bila kupoteza ahadi hata moja

Konsieji ni mfanyakazi wa hoteli anayeshughulikia mahitaji ya mgeni nje ya chumba chake: gari, boti, meza ya chakula cha usiku, tiketi ya feri, fundi wa miwani, daktari, keki ya siku ya kuzaliwa. Mapokezi humwandikisha mgeni, humpa ufunguo na kumtoza. Konsieji humsikiliza, kisha huenda kutafuta. Katika hoteli ndogo za Zanzibar mtu mmoja hufanya kazi zote mbili, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kazi ya mapokezi humalizika mgeni akiwa bado mbele yako. Ya konsieji huanza pale mgeni anapogeuka kuondoka.

Wageni humsifu konsieji kwa kujua mengi. Wenye kazi wenyewe hupimana kwa kufuatilia: nani alipiga simu ya pili, nani aliandika, nani alimwambia mgeni mapema kwamba boti haipatikani. Ukimwambia mgeni "sawa", umeshatoa ahadi, na hatua zote zilizo hapa chini zina lengo la kuilinda ahadi hiyo. Zimeandikwa kwa dawati la hoteli ya Mji Mkongwe. Aliye Lamu, Mombasa au Dar es Salaam abadilishe majina ya mahali, utaratibu utabaki uleule.

Nusu saa kabla ya zamu

Zamu ikianza saa 1 asubuhi, uwe umefika saa 12 na nusu.

Anza na daftari. Soma kuanzia jana asubuhi, usiishie kwenye ukurasa wa usiku. Ombi lililopokelewa jana asubuhi na kubaki likingoja jibu la mtu wa nje ndilo hupotea kwa urahisi, kwa sababu wa zamu ya usiku hakuliona likianza na hajui uzito wake.

Kisha chukua mapokezi orodha tatu: wanaofika, wanaoondoka, na waliopo. Kwa kila anayefika hakikisha una namba ya ndege au saa ya feri, idadi ya watu, na jina la dereva. Kwa anayeondoka hakikisha una saa ya kutoka mlangoni, mbali na saa ya ndege yenyewe. Kwa waliopo, tafuta jambo moja tu: nani hajaondoka hotelini tangu afike. Mara nyingi huyo anaumwa, au amekata tamaa kwa kutojua aanzie wapi. Mpitie kwa salamu.

Baada ya hapo andika kwenye karatasi moja, iliyo wazi dawatini: saa za maji kujaa na kupwa leo na kesho, hali ya upepo, saa za feri, saa ya jua kuzama, na shughuli yoyote mjini. Usitegemee simu peke yake. Intaneti hukatika, na wenzako hawaoni kilicho kwenye simu yako.

Mwisho toka nje dakika tano. Tembea hadi magari yanaposimama. Vichochoro vya Mji Mkongwe haviingii gari, kwa hiyo njia moja ikizibwa na turubai la harusi, fundi anayechimba au dimbwi la mvua ya masika, hamali wako mwenye mkokoteni atazunguka, na dakika 5 zitakuwa 20. Jambo hili huwezi kulijua ukiwa umekaa.

Dawatini pawe na ramani za karatasi zisizopungua 30, kalamu za rangi mbili, lebo za mizigo, mkasi, gundi ya karatasi, tochi mbili, mizani ya kupimia begi, miamvuli, na adapta kama kumi za umeme. Tanzania hutumia volti 230, na plagi iliyozoeleka ni ya pini tatu bapa, hivyo Wamarekani na Wazungu wengi wa bara la Ulaya watakuja kukuuliza usiku wa kwanza. Kila adapta iandikwe namba na itolewe kwa sahihi, la sivyo baada ya mwezi zitakuwa zimebaki mbili. Dawa za kumeza zisikae hapo, hata za maumivu ya kichwa. Mgeni anaweza kuwa na mzio au dawa nyingine anayotumia, na wewe si mfamasia. Mwelekeze duka la dawa au mwitie daktari.

Daftari

Iwe karatasi au programu ya kompyuta, kila ombi liwe na mstari wake wenye mambo haya: namba ya ombi, tarehe na saa lilipopokelewa, jina na chumba, anachotaka kwa maneno yake mwenyewe, saa ya tukio, mtu wa nje aliyeambiwa na namba yake ya simu, mfanyakazi anayefuatilia, na hali.

Hali ziwe nne tu: limepokelewa, linasubiri, limethibitishwa, limekwisha. "Nitaangalia" si hali. "Nimemtumia ujumbe" maana yake linasubiri, hata kama ujumbe umeonyesha alama za kusomwa. Kosa linalorudiwa zaidi kwenye dawati lolote ni kuandika "limethibitishwa" pale nahodha aliposema "inshallah, tutaona". Neno hilo ni la adabu, na pengine atakuja kweli, lakini bado hajakupa saa.

Na hapa pana mtego mkubwa wa kazi hii katika nchi zetu: saa.

Mgeni huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Dereva, hamali na nahodha huhesabu kuanzia kuchomoza na kuzama jua. Mgeni akisema kwa lugha yake "saa mbili mchana", kwetu ni saa 8 mchana. Ukimfikishia dereva namba aliyoisema mgeni, dereva atafika saa 2 asubuhi, ataona mgeni amelala, ataondoka kwa hasira. Na saa 8 mchana mgeni atasimama mlangoni bila gari. Tofauti huwa saa 6 kamili, na haisameheki siku ya ndege. Kinga yake ni hii:

1. Katika daftari andika saa kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, yaani 14:00, na mbele yake andika saa 8 mchana. Zote mbili, kila mara.
2. Kwa mgeni tumia ile ya kwanza tu, kwa mdomo na kwa karatasi.
3. Kwa dereva tumia Kiswahili, na useme sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.
4. Mwombe dereva akurudishie kwa kinywa chake. Akisema tu "sawa, sawa", hujathibitisha kitu.

Usiku wa manane una mtego wake. Ndege inayoondoka 00:45 usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa Kiswahili ni saa 6 na dakika 45 usiku, na watu wengi huuita huo bado usiku wa Ijumaa. Andika siku mbili: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Anayeandika "Jumamosi usiku" atamletea mgeni gari siku moja baada ya ndege kuondoka.

Maswali kabla ya jibu

Mgeni anauliza, "Ufuo gani ni mzuri?" Usijibu bado. Uliza yuko na nani, watoto wana umri gani, anataka kuogelea au kutembea mchangani, ana siku nzima au nusu, ameshaona nini, na kuna anayepata tabu kupanda boti au ngazi. Maswali sita kama hayo huchukua dakika mbili na huokoa siku nzima ya mtu.

Bajeti usiiulize moja kwa moja. Wengi huona aibu. Taja chaguo mbili za bei tofauti na utazame ni ipi anayoiuliza zaidi. Chaguo mbili zinatosha, tatu kwa nadra. Ukimpa sita ataondoka bila kuchagua na kesho atauliza tena.

Unapotaja bei, sema mambo manne kwa pamoja: ni ya mtu mmoja au ya boti nzima, kiingilio kimo au hakimo, chakula na maji vimo au havimo, na inalipwa kwa nini, taslimu au kadi. Malalamiko mengi ya safari yanatokana na hilo la kwanza. Mgeni alisikia bei ya boti, nahodha akaja na bei ya kila kichwa, na wewe uliyekuwa katikati ndiye unayeonekana mwongo.

Simu tatu

Kila huduma ya nje inahitaji simu tatu. Ya kwanza ni ya kuomba. Ya pili ni jioni iliyotangulia, kama saa 11, kabla watu hawajaingia magharibi. Ya tatu ni dakika 45 kabla ya tukio, wakati bado una nafasi ya kutafuta mwingine. Wengi hupiga ya kwanza na ya tatu. Ile ya jioni ndiyo inayookoa, kwa sababu usiku bado unaweza kubadilisha mpango na kumwarifu mgeni kabla hajalala.

Simu ya jioni iwe fupi na kamili:

"Shikamoo, nahodha."
"Marahaba."
"Hapa ni dawati la wageni. Kesho Alhamisi, wageni wanne, watoto wawili ndani yake, kwenda Changuu. Kuondoka saa 3 kamili asubuhi. Naomba unirudishie."
"Kesho Alhamisi, watu wanne, saa 3 asubuhi, Changuu."
"Maboya ya watoto unayo?"
"Yapo mawili."
"Ahsante mzee. Nitakupigia tena saa 2 na robo."

Swali la boya la mtoto lina sababu. Boti nyingi zina maboya ya kutosha ya watu wazima, na boya kubwa humchomoka mtoto akiingia majini. Nahodha mpya asipelekewe wageni kabla hujaiona boti yake: leseni, maboya sawasawa na idadi ya watu, kivuli, hali ya injini, na simu au redio inayofanya kazi. Fanya ukaguzi huo upya kila baada ya miezi mitatu, maana boti nzuri ya Januari inaweza kuwa imechoka kufikia Agosti.

Weka dereva wa akiba na nahodha wa akiba, na uwape kazi mara kwa mara. Mtu unayemkumbuka siku ya shida tu hataacha kiporo cha futari yake kwa ajili yako.

Kuhesabu kinyumenyume

Safari ya uwanja wa ndege ndiyo safari ambayo mgeni hataisamehe ikiharibika. Usihesabu kuanzia hotelini. Anza na saa ya ndege na urudi nyuma.

Tuseme ndege ya kimataifa inaondoka 16:40, yaani saa 10 na dakika 40 jioni. Toa saa 3 za ukaguzi: awe uwanjani saa 7:40 mchana. Uwanja wa Abeid Amani Karume uko kilomita kama 7 kutoka Mji Mkongwe. Hesabu nusu saa kwa msongamano: gari liondoke saa 7:10. Mkokoteni kutoka mlangoni hadi garini na kupakia ni dakika 20: mizigo itoke hotelini saa 6:50. Malipo ya mwisho mapokezi ni dakika 20: mgeni ashuke saa 6 na nusu mchana. Hiyo ya mwisho ndiyo saa unayomwandikia mgeni. Ukimwandikia ile ya gari, atashuka wakati gari linapaswa kuondoka.

Sasa angalia siku. Ikiwa ni Ijumaa, saa uliyopata imeangukia sala. Kati ya saa 6 na nusu na karibu saa 8 mchana, dereva Mwislamu atakuwa msikitini, hamali vilevile, na njia karibu na misikiti hujaa. Usimweke mtu achague kati ya sala na kazi. Sogeza mgeni mapema, aondoke saa 5 na nusu na kahawa anywee uwanjani, au panga tangu jana dereva ambaye saa hiyo hana sala. Mwezi wa Ramadhani fanya vivyo hivyo na saa ya futari, kati ya saa 12 na saa 1 jioni: kwanza magari hukimbizana, kisha barabara huwa tupu ghafla, na simu hazipokelewi.

Kwa anayetoka Nungwi, kilomita kama 60 kaskazini, weka saa 2 za barabara badala ya nusu saa. Kwa feri ya Dar es Salaam, awe bandarini saa moja kabla, na pasipoti ikiwa mkononi, isiwe ndani ya begi lililokabidhiwa. Tiketi inunuliwe ofisini kwa kampuni au kwa njia yake rasmi, na jina lifanane na la pasipoti.

Wanaoendelea na ndege ndogo kwenda mbugani wakumbushwe siku mbili kabla, usingoje asubuhi ya safari: kampuni nyingi huruhusu kilo 15 tu, na begi liwe laini, lisiwe sanduku gumu. Mizani ya dawatini inafanya kazi hapa. Kinachozidi kibaki stoo ya hoteli hadi atakaporudi.

Bahari

Hakuna somo linalomtofautisha konsieji wa visiwani kama maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa mwachano wa saa 6 na dakika chache, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mgeni aliyeogelea vizuri Jumatatu saa 4 hatakuta maji hayohayo Ijumaa saa 4.

Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, tofauti ikifika mita 4. Siku hizo kwetu maji hukauka kwenye saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na mgeni aliyekwenda kuogelea asubuhi hukuta mchanga, mwani na akinamama wakilima mwani wao. Ni mahali pazuri pa kutembea saa hiyo, akivaa viatu vya maji kwa sababu ya viumbe wenye miiba. Kuogelea asubiri alasiri. Anayetaka maji muda wote mpeleke Nungwi au Kendwa, ambako pwani haikauki hivyo.

Nakupenda ni kinyume. Ule ni ukanda wa mchanga, na maji yakijaa unabaki mdogo au unamezwa. Panga wageni wafike maji yakiwa yanapwa, waondoke kabla hayajarudi. Konsieji asiyetazama jedwali la maji atawapeleka kula samaki juu ya mchanga usiokuwepo.

Upepo nao una kalenda. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huja na bahari tulivu zaidi upande wa mjini. Kusi, katikati ya mwaka, huchafua bahari hasa mchana. Panga boti asubuhi na umwambie mwenye kichefuchefu ukweli. Nahodha akisema leo hatutoki, usibishane naye na usimtafute mwingine anayekubali. Mrudishie mgeni pesa yake na umpe mpango wa nchi kavu: mashamba ya viungo Kizimbani, au Jozani, msitu wa kima punju ulio kilomita kama 35 kutoka mjini. Huko wakae hatua kadhaa mbali na wanyama na wasiwape chakula.

Jambo moja la bahari linahusu uhai, na linasahaulika kwa sababu huwa katika safari mbili zilizopangwa na watu wawili. Mgeni anazamia Mnemba leo, kesho alfajiri anaruka kwa ndege. Miongozo ya uzamiaji hutaka angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mzamo mmoja, na saa 18 baada ya mizamo mingi. Panga saa 24 na uwe salama. Kupanda milimani ni sawa na kuruka. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Kila anayeomba uzamiaji, fungua ukurasa wake wa kuondoka kabla hujapiga simu. Kuchezea maji kwa barakoa na mrija juu ya uso wa bahari hakuna shida hiyo.

Mitaani

Ramani ukiitoa, chora alama tatu tu: hoteli, mahali anapokwenda, na mahali akipotea aulizie. Forodhani, Darajani na Kanisa la Mkunazini kila mtu anavijua. Usichore njia ya vichochoro kumi, hataifuata. Mwambie tu kwamba akitembea kuelekea baharini atatokea barabara kubwa.

Mweleze kuhusu papasi bila kumtisha. Ni vijana wanaojipendekeza kwa wageni ili wapate kamisheni madukani na kwenye safari. Ahsante moja, ya upole, bila kusimama, hutosha. Anayetaka kuzunguka mji na mtu, mpe mwongoza watalii mwenye kitambulisho na leseni.

Mavazi yasemwe kabla hajatoka: mabega na magoti vifunikwe mjini, suti ya kuogelea ibaki ufukweni. Watu wapigwe picha kwa idhini. Mchana wa Ramadhani asile wala kunywa hadharani. Mwonyeshe mkahawa wa hoteli ulio wazi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar tangu kabla ya hapo. Gamba la kasa na matumbawe yasinunuliwe, yatamletea kesi uwanjani. Droni inahitaji kibali.

Ukielekeza jengo, thibitisha kwamba liko wazi. Jumba la Maajabu liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na kwa muda mrefu baadaye bado kulikuwa na watu wakielekezwa huko kwa kufuata ramani za zamani. Chana ramani hizo.

Wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mwezi Februari, magari na meza za chakula hujaa mapema. Waulize wageni wiki moja kabla ya kufika. Ujumbe huohuo wa kabla ya kufika utaje bima ya lazima ya wageni wa nje, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, ili wailipie nyumbani na wasikwame foleni wakiwa na watoto wenye usingizi.

Pesa

Kamisheni ipo, na kujifanya haipo hakumsaidii yeyote. Swali ni inakaa wapi. Ikiingia daftari la hoteli, ikijulikana na meneja na kugawanywa kwa utaratibu, haikupofushi. Ikiingia mfukoni kimya kimya, utaanza kumpeleka mgeni kwenye duka linalolipa zaidi, chakula kitakuwa kibaya, na mgeni atajua, kwa sababu jirani yake wa chumba alilipa nusu. Tangu hapo hatakuuliza tena chochote, hata njia ya msikiti.

Kanuni ya kujipima ni rahisi: ungempeleka mgeni huyu hapo hata kama hapakupi shilingi? Kama jibu ni hapana, usimpeleke.

Fedha ndogo za dawati zihesabiwe mwanzo na mwisho wa zamu, na kila shilingi inayotoka iwe na risiti. Ukimlipia mgeni hamali au dawa, risiti iende mapokezi siku hiyohiyo, akishaondoka, hutaipata. Dola zilizochakaa, zilizochanika au za matoleo ya zamani hukataliwa mara nyingi, mwambie mapema.

Bakshishi ipokee kwa shukrani na usiidokeze kamwe. Iliyotolewa kwa ajili ya kazi iliyofanywa na hamali na dereva, wafikishie haki yao. Siku utakayowanyima wataijua, na mkokoteni wako utaanza kuchelewa.

Mizigo

Lebo ya vipande viwili, namba moja: kimoja begini, kingine mkononi mwa mgeni. Andika idadi ya vipande, hali ya begi (gurudumu limevunjika, zipu wazi), jina, na tarehe ya kuchukua. Usipokee pesa, vito, pasipoti wala chakula stoo. Anayechukua arudishe kipande chake. Akikipoteza, aoneshe kitambulisho na asaini.

Faragha na dharura

Mtu akipiga simu kuuliza kama fulani amefikia hapo, usithibitishe wala usikanushe. Chukua ujumbe, umfikishie mgeni kama yupo, yeye aamue. Namba ya chumba haitamkwi kwa sauti mbele ya watu. Iandike na uioneshe. Mgeni akiletewa maua na mtu asiyemjua, maua yanabaki dawatini hadi mgeni aulizwe.

Orodha ya dharura ibandikwe ndani ya droo: namba 112, Hospitali ya Mnazi Mmoja, daktari anayekuja hotelini, kituo cha polisi cha karibu, meneja wa zamu, dereva anayepokea simu saa 8 usiku. Ijaribiwe mwanzo wa kila mwezi kwa kupiga namba zote isipokuwa 112. Namba iliyobadilika huonekana siku ya ugonjwa tu, kama hukuijaribu.

Pasipoti ikipotea, fuata mpangilio huu: tafuta kwanza chumbani na kwenye gari alilopanda mwisho, kisha mpeleke polisi apate ripoti ya upotevu, toa nakala ya pasipoti iliyopo mapokezi, piga picha ndogo mpya, kisha piga simu ubalozi wake Dar es Salaam kuuliza saa za kazi kabla hujamkatia tiketi ya feri. Akipoteza Ijumaa mchana, mwambie wazi kwamba huenda akasubiri hadi Jumatatu, na sogeza ndege yake leo. Kumpa matumaini ya Jumamosi ni kumwongezea hasara.

Mgeni anapolalamika, msikilize hadi mwisho, andika mbele yake, mwambie utarudi na jibu saa ngapi, na urudi saa hiyo hata kama jibu bado hujalipata.

Kukabidhi zamu

Mkabidhiane mkiwa mmesimama wawili, dakika 15, daftari wazi. Mpitie mistari yote yenye "linasubiri", mmoja mmoja, kwa sauti. Anayeondoka aseme nani alizungumza naye mara ya mwisho na alisema nini hasa. Anayeingia aandike herufi za jina lake kando ya kila mstari; tangu hapo ombi ni lake. Hesabuni fedha, funguo za stoo na adapta. Kama kuna mgeni aliyeahidiwa jibu usiku huu, anayeondoka amtambulishe mwenzake kwa mgeni huyo ana kwa ana, au ampigie chumbani: "Mwenzangu ameshika jambo lako, jina lake ni hili, atakupigia saa 2 usiku." Kisha andikeni 20:00, saa 2 usiku.